Mpigaji Ndere na Neno Filimbi: Taaluma ya Muziki wa Kasri baina ya Mengo, Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kazi ya mpigaji wa ala ya upepo katika muziki wa kasri nchini Uganda, kwa kuegemea zaidi maisha ya Albert Bisaso Ssempeke (takribani 1930–2006), aliyeanza kama mpigaji wa endere katika kasri la Kabaka Mutesa II. Historia hiyo inawekwa kando ya ile ya rekoda ya Ulaya, ala iliyokufa kisha ikafufuliwa, na kando ya hali ya ala za wafugaji wa Ankole na Rwanda ambao wengi wao walipitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Inadaiwa kwamba taaluma ya mpigaji haikuanguka kwa kukosa vipaji. Iliangushwa na kuvunjwa kwa kifungo baina ya ala, ardhi na mwajiri. Inadaiwa pia kwamba Kiswahili kinachoenea Isingiro kwa sasa kinaongeza ufutaji wa pili pale kinapoziita ala zote hizo kwa jina moja, filimbi.

Maneno muhimu: filimbi, endere, omukuri, umwirongi, istilahi, Nakivale

Utangulizi

Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara katikati ya miaka ya 2000, ina makazi mawili ya wakimbizi ya zamani: Nakivale na Oruchinga. Nakivale ilianzishwa 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, hivyo ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wa kwanza kupokewa kwa wingi walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na leo idadi ya wakazi imepita laki moja. Kinyankore, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiswahili cha Kongo vinasikika katika soko moja, na Kiswahili ndicho kinachobeba mazungumzo ya wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja.

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kulitazama eneo kama hili kwa furaha. Lugha inapata wasemaji wapya, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekikubali katika shughuli zake. Furaha hiyo ina msingi. Hata hivyo, lugha inayoingia mahali huja na msamiati wake na mapengo yake, na pengo la msamiati likiingia katika mtaala au katika orodha ya ujuzi wa watu huwa na matokeo yanayoonekana. Ninalichunguza pengo moja tu, la ala ya upepo, kwa sababu historia ya wapigaji wake inajulikana vya kutosha kutuonyesha kilichopotea na namna kilivyopotea.

Jina moja kwa ala nyingi

Waganda huita ala hiyo endere, na wapigaji wake wa kasri abalere. Wanyankore na Wakiga huiita omukuri, Wakonzo nyamulere, Wanyarwanda umwirongi. Zote ni za jamii moja: bomba la mmea lililo wazi, lenye mkato kwenye ukingo wa juu na matundu ya vidole upande wa chini, ambayo kwa endere ni manne. Mpigaji huweka ukingo kwenye mdomo wa chini na kuuelekeza mwembamba wa pumzi yake kwenye mkato. Hakuna kifaa kinachomsaidia. Ubora wote wa sauti, upole wake na usahihi wake, unatengenezwa na midomo, na ndiyo maana mwanafunzi anaweza kupuliza siku nyingi asipate sauti hata moja.

Rekoda ya Ulaya hufanya kazi kwa njia nyingine. Mdomo wake una kizibo chenye mfereji unaoielekeza pumzi kwenye ukingo mkali, hivyo mtoto wa miaka saba hupata sauti mara ya kwanza anapopuliza, hata kama si sauti ya kupendeza. Mfereji huohuo ndio ulio katika filimbi ya refa na ya askari wa barabarani. Kwa utaratibu wa kutoa sauti, basi, rekoda na filimbi ya refa ni ndugu wa damu, ilhali endere ni jamaa wa mbali aliye karibu zaidi na nai, ala inayojulikana vyema katika taarabu ya Zanzibar.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtafsiri kuliko linavyoonekana. Neno filimbi limesafiri kutoka pwani hadi nchi za maziwa na kukopwa katika Kiganda (firimbi) na Kinyarwanda (ifirimbi). Katika lugha hizo mbili maana yake ni filimbi ya refa, ya mwalimu wa michezo, ya polisi. Wakopaji hawakulihitaji kwa ala ya muziki. Kwa hiyo walikuwa na majina yao. Walilichukua kwa kitu kigeni kilichokuja pamoja na gwaride na mpira. Sasa Kiswahili kinaporudi Isingiro kupitia shule, na mwalimu akatafsiri umwirongi kuwa filimbi, mzee wa Kinyarwanda anayemsikiliza anasikia ifirimbi. Ala ya malisho imegeuzwa kuwa ala ya amri. Neno ni sahihi kwa kamusi lakini ni potofu kwa msikilizaji.

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kutofautisha. Pwani ina zumari, nai, siwa, baragumu na parapanda, na hakuna Mswahili anayechanganya siwa ya Lamu na zumari ya ngoma. Utofautishaji huo ulikua kwa sababu kila ala ilikuwa na mpigaji, hafla na malipo yake. Lugha hutaja kwa makini kile ambacho jamii inakilipia.

Abalere wa Mengo

Malipo ya abalere yalikuwa yapi? Katika Buganda ya zamani mwanamuziki wa kasri hakupewa mshahara kwa maana tuliyoizoea. Huduma yake ilifungamanishwa na ardhi: kijiji au shamba lililoshikiliwa kwa sababu ya kazi ya ngoma, marimba au endere, pamoja na wajibu wa kufika Lubiri, kasri la Mengo, kwa zamu. Watoto walijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa wao katika zamu hizo. Kundi la abalere lilikuwa na endere za ukubwa mbalimbali zilizoitikiana, zikisindikizwa na ngoma, na nyimbo zao zilitokana na hazina ileile iliyopigwa kwa amadinda na ennanga. Mwenye masikio ya kasri aliutambua wimbo mmoja katika ala tatu.

Ssempeke alikua katika utaratibu huo. Alikuwa kijana wa endere wakati kasri la Mutesa II, aliyetawala tangu 1939, lilipokuwa bado na makundi yake ya muziki. Ulikuwa wakati wa neema lakini si wa utulivu. Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimpeleka Kabaka uhamishoni Uingereza, na hakurudi mpaka Oktoba 1955. Kwa karibu miaka miwili wanamuziki wa kasri walikuwa na kasri lisilo na mwenyewe. Kisha tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, chini ya Idi Amin, yakalishambulia Lubiri. Mutesa akatorokea London, alikofariki 1969. Wanamuziki wakatawanyika, ala nyingi zikaharibika, na mwaka uliofuata tawala zote za kifalme zikafutwa kisheria, ukiwamo ufalme wa Ankole.

Wanahistoria wa siasa huutaja mwaka wa 1966 kama mgogoro wa katiba. Kwa mpigaji endere ulikuwa mwaka wa kufukuzwa kazi bila barua. Alipoteza mwajiri, mahali pa kazi, wenzake wa kundi, na katika hali nyingi msingi wa haki yake ya ardhi, vyote kwa pigo moja. Ala ya kundi ilibaki mkononi mwa mtu mmoja. Abalere mmoja mmoja aliweza kuendelea kupuliza, lakini muziki wa kuitikiana hauwezi kupigwa na mtu mmoja.

Ssempeke alijibu hali hiyo kwa kupanuka. Mtu wa endere akawa pia mtu wa ennanga, endingidi na amadinda, kwa sababu asiye na kundi lazima awe kundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alialikwa Edinburgh, alikofanya kazi na mtafiti Peter Cooke, na upigaji wake ukarekodiwa. Sifa yake ya kupiga ala nyingi huelezwa aghalabu kama kipaji tu. Ninaamini kipaji kilikuwapo, lakini wingi huo wa ala ulikuwa pia alama ya janga. Katika kasri lenye abalere kamili, kijana wa endere angeweza kuzeeka akiwa bingwa wa endere.

Mfano wa Haslemere

Inasaidia hapa kutazama rekoda, kwa sababu mara nyingi huchukuliwa kuwa ala iliyodumu Ulaya bila kukatika. Haikudumu. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18 ilikuwa imeondoka katika okestra na kuachia nafasi filimbi ya kulazwa, na kwa zaidi ya karne moja ilibaki kabatini. Arnold Dolmetsch, fundi aliyekaa Haslemere, Uingereza, alikuwa na rekoda moja ya kale. Mwaka 1919 mfuko uliokuwa nayo ulisahauliwa na mwanawe Carl, mtoto wa miaka 7, katika stesheni ya Waterloo mjini London. Baba akalazimika kuunda nyingine kwa kufuata vipimo alivyokuwa amevichukua. Carl alikuja kuwa mpigaji mashuhuri wa ala hiyohiyo aliyoipoteza.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Katika miaka ya 1930 Edgar Hunt aliitetea rekoda kuwa ala ya shule, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki ikaifanya iwe rahisi kununuliwa. Kutoka katika wingi huo wa watoto walipatikana wachache wa kiwango cha juu, na vyuo vya muziki vikawafungulia nafasi. Mholanzi Frans Brüggen (1934–2014) aliifanya rekoda kuwa ala ya jukwaa kubwa, na watunzi wa wakati wake wakamwandikia kazi mpya. *Gesti* ya Luciano Berio, iliyotungwa kwa ajili yake, ni ya 1966. Mwaka uleule ambao mpigaji endere wa Mengo alikosa pa kupigia, mpigaji rekoda wa Ulaya alikuwa anaandikiwa muziki mpya na kulipwa kwa kuupiga.

Sitaki kulinganisha mabomba mawili kana kwamba moja lilikuwa bora. Rekoda iliyokwisha kufa ilipata fundi, mtaala, mtihani, kiwanda na chuo. Endere iliyokuwa hai ilinyang'anywa kasri na haikupewa hata kimoja kati ya vitano hivyo kwa ukamilifu. Rekoda ya plastiki ndiyo sasa inayonunuliwa na wazazi nchini Kenya kwa ajili ya mtaala wa umilisi. Jina lake la Kiswahili, kwa bahati mbaya, tayari lilikuwa limekaliwa na mashine ya kunasa sauti, kiasi kwamba "mpigaji rekoda" huweza kueleweka kuwa ni mtu anayebonyeza kitufe.

Makumbusho kama kasri la pili

Si haki kusema kwamba Uganda haikufanya lolote. Klaus Wachsmann, aliyezaliwa Berlin 1907 na kuihama Ujerumani ya Wanazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, alifika Uganda 1937. Alisimamia Makumbusho ya Uganda tangu 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa nchi nzima, na pamoja na Margaret Trowell akatoa 1953 kitabu cha kazi za mikono za Uganda ambacho sehemu yake ya ala bado ni rejea kuu. Mtunzaji wa kwanza wa kumbukumbu za sauti za Uganda, kwa maneno mengine, alikuwa mtu aliyekimbia. Hilo sijaliona likisisitizwa katika maandishi ya sera.

Wachsmann alimwajiri Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri, awapigie na kuwafundisha wageni wa makumbusho. Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna, alijifunza amadinda kwa Muyinda kuanzia mwishoni mwa 1959, na uchambuzi alioufanya ulibadili namna dunia inavyouelewa muziki wa Buganda. Makumbusho yakawa kasri la pili: yalilipa, yalihifadhi, yalikutanisha mwalimu na mwanafunzi. Lakini yalikuwa kasri lenye nafasi chache za kazi, na wanafunzi wake wengi walikuwa wageni. Muyinda alifariki 1993, mwaka uleule Kabaka Mutebi II alipotawazwa.

Njia nyingine zilifunguliwa na watu binafsi. Justinian Tamusuza, mtunzi aliyezaliwa 1951, aliipa kazi yake moja ya filimbi jina la *Ekivvulu ky'Endere*. Kundi la Ndere lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi miaka ya 1980 limechukua jina lake kutoka katika ala hii, kwa hoja kwamba hupatikana karibu katika kila jamii ya nchi. Inafaa kuona kwamba jina la kundi limekwisha kuidondosha irabu ya mwanzo: si Endere bali Ndere. Nitarudi kwenye irabu hiyo.

Mbarara, Nakivale na ala isiyo na kasri

Hugh Tracey alipopita Uganda 1950 na 1952 alirekodi pia muziki wa kasri la Ankole, wakati huo chini ya Omugabe Gasyonga II. Ufalme huo ulifutwa 1967 na haukurudishwa. John Barigye alitawazwa Novemba 1993 lakini serikali ikaubatilisha utawazo huo. Katiba ya 1995, kifungu cha 246, inaruhusu viongozi wa jadi pale watu wanapowataka, na Ankole imebaki katika mjadala huo hadi leo. Hivyo Mbarara, tofauti na Mengo, ina kilima cha Kamukuzi pasipo mwajiri wa kasri.

Omukuri, hata hivyo, haukuwa mali ya kasri peke yake. Ulikuwa wa mchungaji, kama umwirongi wa Rwanda. Ulipigwa malishoni na nyumbani jioni, na ng'ombe ndio waliokuwa hadhira ya kwanza na sababu ya kuwepo kwake. Ngoma kuu ya ufalme haiwezi kukimbizwa. Ikitekwa au kupotea hakuna nyingine. Bomba la mchungaji hukatwa upya popote penye mmea wa kufaa. Kwa nadharia, hakuna ala inayomfaa mkimbizi kuliko hii.

Kwa vitendo mambo yalikwenda vingine, na sababu si ala bali ng'ombe. Oktoba 1982 maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa kutoka nyumba zao katika Ankole. Wengi walisukumwa hadi Nakivale, Oruchinga na mpaka wa Rwanda, huku mifugo yao ikiporwa. Mwaka 1983 Ziwa Mburo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa na wafugaji wakaondolewa. Malisho yaliyompa mpigaji omukuri muda wake, upweke wake na wasikilizaji wake yakapungua kutoka pande mbili ndani ya miezi michache. Hakuna sheria iliyokataza ala. Iliondolewa tu siku ya kazi iliyokuwa inaibeba.

Hapa ndipo historia ya Mengo na ya Nakivale zinapokutana kwa namna ya kejeli. Sera ya Uganda, inayosifiwa duniani na kuwekewa msingi na Sheria ya Wakimbizi ya 2006, humpa mkimbizi kipande cha ardhi na ruhusa ya kufanya kazi. Mpigaji wa Kabaka naye alipewa ardhi. Tofauti ni kwamba mmoja alipewa kwa sababu ni mpigaji, na mwingine hupewa kwa sharti lisilosemwa kwamba awe mkulima. Ardhi iliyokuwa malipo ya muziki Mengo imekuwa, Nakivale, mbadala wa kazi nyingine yoyote ambayo mtu huyo aliwahi kuijua. Anayejieleza kwa Kiswahili kwamba alikuwa "mpiga filimbi" atachekwa kidogo, kisha ataonyeshwa shamba.

Pendekezo la istilahi

Kiganda, Kinyankore na Kinyarwanda hutanguliza irabu mbele ya kiambishi cha ngeli: e-ndere, o-mukuri, u-mwirongi. Kiswahili hakina irabu hiyo, na kinapokopa hudondosha, kama kundi la Rwangyezi lilivyofanya bila kuitisha kikao. Ndere huingia katika ngeli ya I-ZI bila mabadiliko zaidi (ndere hii, ndere hizi). Mkuri na mwirongi huingia katika U-I, na wingi wake ni mikuri na mirongi. Umbo la mirongi litawakumbusha baadhi ya wasemaji neno miongo. Muktadha utatosha kulitenganisha. Mpigaji aitwe mpigaji ndere. Abalere libaki jina la kihistoria la kundi la kasri, kama tunavyoacha siwa kuwa siwa.

Filimbi ibaki kwa ala zenye mfereji, rekoda ya shule ikiwemo, ambayo napendekeza iitwe filimbi ya rekoda ili isigongane na mashine. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina nafasi ya kuyapitisha maneno haya pamoja na mabaraza ya nchi.

Kwa washauri wa sera, jambo la karibu zaidi ni mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda 2020, ambao una somo la sanaa za maonyesho, na Kiswahili kinachofundishwa katika shule hizohizo. Shule za Isingiro zinaweza kufundisha ala kupitia somo la kwanza na majina yake kupitia la pili. Busoga imekwisha kuonyesha uwezekano: bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu, uliingizwa 2012 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na vibuyu vyenyewe vikaanza kupandwa upya ili vijana wapate ala za kujifunzia. Ndere na mkuri havihitaji hata kupandiwa shamba kubwa. Vinahitaji mzee mmoja anayelipwa kwa saa zake za kufundisha, katika bajeti yenye mstari unaomtaja kwa jina la kazi yake.